Majani kwenye Kiti cha Nyuma

Wifi yangu Kemilembe,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nilikuwa nimeshika pembe moja ya shuka siku ulipoteremshwa. Basi nikupe za huku. Hapa Nyaishozi mvua zilichelewa, maharage yakakauka kabla hayajafunga. Kaka yako Deo mguu unamsumbua, lakini anatembea, na bado hapendi kuulizwa. Mwanao Adventina amemaliza kidato cha nne. Yuko nyumbani anasubiri matokeo, amekuwa mrefu kukushinda, na anacheka kwa kuziba mdomo kama ulivyokuwa ukicheka wewe. Yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Wiki iliyopita alipanda darini jikoni kutafuta ungo, akashuka na furushi lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Alilifungulia uani. Yalikuwa yale mablanketi mawili ya viti vya mbele vya gari. Alikung'uta masizi akayatandaza juu ya mibuni yapigwe na jua.

"Mama," akaniita, "haya si ya kwenye Pijo la mjomba? Nayakumbuka. Lakini lile refu la nyuma, alilokuwa analalia mama mzazi, liko wapi?"

Nikamwambia, "Lilichakaa."

Nilimdanganya mwanao mchana kweupe, wifi, huku namenya ndizi, na kisu hakikutetemeka hata kidogo. Nikajua kwamba nimezoea.

Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote. Nililolitenda nililitenda uani kwangu kando ya barabara, siku ya gulio, ili watu wanione. Waliniona, na wengi walinisifu. Siwezi sasa kuja kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Nianze na gari lenyewe, maana wapo watakaosoma ambao hawakuliona. Lilikuwa Pijo la zamani, lile refu lenye mlango wa nyuma, rangi yake kama uji wa mtama. Lilikuwa limezeeka tayari Deo alipolinunua kwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Hakulikalia hata mwaka, vita vikaja. Watu wa upande wa Kyaka, kule mpakani, walipita hapa wakiwa na mbuzi na magodoro, watoto wakiburuzwa mikono, nasi tukangoja zamu yetu ya kukimbia. Deo alilisukuma gari hadi katikati ya migomba, akavua magurudumu, akalifunika kwa majani makavu mpaka likafanana na kichuguu. Lilikaa humo mpaka vita vikaisha.

Siku ya kulifunua ulikuwepo. Ulikuwa umekuja kutoka kwa mumeo Nyakakika, umebeba mkungu wa ndizi kichwani kana kwamba sisi hatuna ndizi. Deo alifungua mlango, kuku akatoka akipiga kelele. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na mayai saba. Panya walikuwa wamekula sponji yote na ngozi yote ya viti, zimebaki springi tupu, zimetokeza kama mbavu.

"Kaka," ulisema, "hili ni gari au banda?"

Deo hakucheka. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Wakati ule madukani hapakuwa na sabuni wala chumvi, sembuse kitambaa cha viti vya gari.

Wewe ndiye uliyerudi wiki iliyofuata na miti minne na misumari mfukoni mwa sweta. Kufuma wewe ulikuwa umefundishwa na sista mmoja parokiani kabla hujaolewa, na mimi sikuwa nimewahi kufuma hata kikapu. Miti ile tuliigongomea fremu, tukaisimamisha chini ya upenu. Nyuzi za kusimama tulitumia uzi wa kushonea magunia ya kahawa, ule mgumu unaokata vidole. Nyuzi za kulala hatukuwa nazo. Ukaniangalia nilivyovaa.

"Lete hilo sweta."

Lilikuwa sweta langu la buluu, nililokuja nalo siku ya harusi. Nikajifanya sijasikia.

"Wifi, kwetu ulikuja kwa kaka yangu au ulikuja kuvaa sweta? Chagua kimoja, kingine tukifumue."

Nililia kidogo, wewe ukivuta uzi na sweta likipungua mikononi mwako kama mtu anayekonda. Halafu ukalivua na la kwako, lile la njano la kipaimara, lililokuwa limekubana kwapani, ukalifumua. Jekundu lilikuwa la mama mkwe. La kijani lilikuwa la Deo la shule. Tuliloweka nyuzi, tukazitundika na jiwe upande wa chini zinyooke, na uani kwetu kukaonekana kama watu wanaanika utumbo wa ng'ombe wa rangi nne.

Tulifuma mwezi mzima na siku kadhaa. Mawili mafupi ya mbele, moja refu la nyuma. Mstari wako wa njano uliubana katikati, upana wa kiganja, ukasema hapo ndipo pa kukaa wewe, mtu mwingine akikaa utajua. Nilipokosea mstari hukunifumulia. Ulisema gari litatingishika hata hivyo, nani ataona?

Deo akaanza kubeba abiria, na gari lile likawa maarufu. Watu waliliita Sebule. Nakumbuka mzee mmoja wa Bweranyange, mara yake ya kwanza kupanda, alisimama mlangoni amebeba fimbo.

"Nivue viatu," akauliza, "au naingia navyo?"

"Vua na kofia," ukamjibu kutoka ndani, "na usiteme."

Akavua kweli. Alikwenda pekupeku hadi Omurushaka, viatu kavipakata.

Kila ulipokuja kututembelea ulikaa kwenye njano yako, ukitafuna punje za kahawa. Ulikuwa na tabia ya kuchomeka punje katikati ya nyuzi, mbili hapa, tatu pale, ili safari ijayo usikose. Msimu wa senene uliwala panzi hao humo humo, nami nilikuwa nikichambua mabawa kwenye ufumaji kwa sindano, nikikusema.

"Mke wa dereva, fagia sebule yako," ulikuwa ukinijibu.

Nilikuwa nikikasirika kweli, wifi. Ningejua, ningeyaacha mabawa yale.

Kisha mumeo akafa kule Nyakakika. Alikonda, akakohoa, akaisha. Wengine waliuita ugonjwa ule Juliana, wengine walisema tu "ule", na kila mtu akaelewa. Wewe ulibaki miezi michache kwa wakwe zako, halafu Deo akaja kukuchukua. Ulirudi nyumbani kwenu ukiwa umelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Adventina aliyekuwa na miaka minane. Nilipokupokea nilikubeba peke yangu. Wewe uliyenishinda unene na ukanitania miaka yote kwa miguu yangu ya korongo, nilikubeba peke yangu kutoka garini hadi kitandani, na hatukutaniana.

Kila wiki mbili Deo alikupeleka hospitali. Siku nyingine alibeba abiria, kama kawaida. Lakini abiria wakaanza kupenda kutembea.

"Leo nanyoosha miguu," alisema mmoja, na gunia la maharage kichwani.

"Mimi gari linanichefua siku hizi," alisema mwingine, aliyekuwa amelipanda miaka yote.

Mwishowe jirani mmoja, mwanamke ninayemheshimu hata leo, alikuja akakaa nami jikoni. Aliongea kwa upole, hakuja kwa ubaya.

"Mama Editha, watu hawaogopi gari. Gari ni chuma. Wanaogopa yale mablanketi. Sufu inanyonya jasho. Na wewe una watoto, wanalala humo humo wakicheza. Mimi ningekuwa wewe..." Alinywa chai yake akaondoka.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilimwangalia Editha wangu akipanda kiti cha nyuma, akiweka shavu kwenye njano yako. Sikuogopa njaa, wifi, sitaki nikudanganye sasa hivi. Njaa tungeivumilia. Niliogopa shavu la mtoto wangu. Na niliogopa macho ya watu barabarani.

Nikangoja siku ya gulio. Deo alikuwa ameondoka kwa miguu kutafuta mpira wa breki kwa fundi. Watoto walikuwa shuleni. Nilikata kamba za chini ya kiti cha nyuma, nikalitoa lile refu, nikalibeba kwa kijiti kama mtu aliyebeba nyoka. Kwa kijiti, wifi. Kitu nilichokifuma kwa mikono yangu na sweta langu la harusi. Nililiweka uani karibu kabisa na barabara, nikamwagia mafuta kidogo ya taa, nikawasha.

Sufu haiungui upesi. Inajikunja, inatoa moshi mweusi, inanuka kama nywele. Watu waliokuwa wakienda gulioni walisimama. Mmoja akasema, "Umefanya vizuri, mama. Sasa tutapanda." Nikaitikia kwa kichwa, kijiti mkononi, naligeuza.

Ndipo harufu ikabadilika. Punje zako za kahawa zilikuwa bado mle ndani, zote ulizochomeka safari hadi safari, na moto ulipozifikia zikaanza kukaangika. Ilitoka harufu nzuri kabisa, kama kahawa ya wageni. Ilijaa uani, ikaingia dirishani kwako.

Ulikuwa hujaongea tangu asubuhi. Nikasikia sauti yako, nyembamba, kutoka chumbani.

"Wifi! Nani anakaanga kahawa?"

Nikajibu, "Majirani."

Ukasema, "Waambie wasiziunguze."

Deo aliporudi aliona kiti, aliona jivu, akaniona mimi. Aliyavua mablanketi ya mbele, la kwake na la abiria, akayakunja, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akapanda darini mwenyewe kuyaweka. Tangu siku ile aliendesha gari amekaa kwenye springi tupu. Abiria walirudi kama walivyosema, wakaleta magunia yao ya kukalia. Walimwuliza mbona mwenyewe hatandiki chochote, na yeye aliwajibu, "Nimezoea." Aliendesha hivyo mpaka gari likakataa kuwaka. Sasa limesimama juu ya mawe katikati ya migomba, pale pale lilipofichwa wakati wa vita.

Lakini nimeruka mbele. Nimeruka kwa sababu siku ya safari yako ya mwisho sipendi kuifikia.

Ilikuwa wiki ile ile. Asubuhi Deo alikuwa akikuvisha kitenge chumbani, nami nikakumbuka kiti. Springi zile, na wewe huna nyama popote. Nikakimbia bondeni na mundu. Nikakata majani mabichi, yale laini ya kwenye maji, mzigo mkubwa, nikarudi nikiwa nimelowa hadi kiunoni, nikayatandika kwenye kiti cha nyuma manene, vizuri, kama ninavyojua kuyatandika. Nilikuwa na haraka, nikawaza ulaini tu. Mikono yangu iliyatandika majani kama mikono ya mwanamke yeyote wa huku inavyoyatandika, na kichwa hakikuwaza tunayatandika lini. Kwetu majani mabichi hutandikwa ndani kwa sikukuu au kwa msiba, na siku ile haikuwa sikukuu.

Tulikutoa, Deo kwapa hili, mimi kwapa lile. Ulifika mlangoni pa gari ukasimama. Uliangalia ndani kwa muda mrefu.

"Mmeshanitandikia majani, wifi?" ukasema. "Na mimi bado nimesimama?"

Halafu ukacheka, ukiziba mdomo. Kile kicheko ndicho kilichonivunja. Ungenitukana ningepata pa kushika. Deo aligeukia upande wa migomba.

Nikasema, "Ni kwa ajili ya springi, wifi." Sikusema blanketi liko wapi. Hukuniuliza blanketi liko wapi. Ulikaa. Njia nzima nilikuwa nimekushika mabega, na kila gari liliporuka shimo, vidole vyako vilikuwa vinatafuta kwenye majani, pale pale katikati, mahali palipokuwa na njano, kama mtu anayetafuta punje. Ulitafuta hadi hospitali. Kurudi, majani yalikuwa yameshanyauka, ukayalalia hivyo hivyo, na hukutafuta tena.

Siku ya tisa ukatuacha. Wanawake walitandika majani nyumba nzima, wakakaa, wakaniita nikae. Sikuweza kukanyaga. Nilikaa kizingitini siku zote za msiba, na watu wakasema mke wa Deo ana uchungu kuliko ndugu wa damu. Nikawaacha waseme.

Miaka michache baadaye alikuja bwana mmoja wa afya, akatukusanya shuleni, akachora ubaoni. Alieleza ugonjwa unavyopita na usivyopita. Alisema haupiti kwa sahani. Haupiti kwa kushikana mikono. Kisha akasema, haupiti kwa nguo wala kwa kukalia alipokaa mgonjwa. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Jirani yangu yule alikuwa nyuma yangu, nikasikia ameacha kupumua. Nilitamani bwana yule akosee, wifi. Nilitamani afute ubao aandike kingine. Tuliondoka bila kuangaliana, na hadi leo tunaazimana chumvi, tunazikiana, lakini neno blanketi halijawahi kutoka kinywani mwa yeyote kati yetu.

Sasa nimefika kwa mwanao.

Baada ya kumwambia lilichakaa, nilikaa siku tatu. Anaponiita mama nilikuwa naitika kwa kuchelewa. Nimemlea toka siku ile, nimemsuka, nimempiga, nimemuuguza surua. Sina mali nyingine kwake ila hilo jina. Nilijua nikimwambia naweza kulipoteza. Na nilijua nisipomwambia, mtu mwingine atamwambia siku moja, gulioni, akidhani ni habari ya kawaida tu.

Juzi jioni nilimwita kwenye upenu ule ule. Nilimwambia yote kama nilivyoandika hapa. Kijiti, sikukiacha. Jibu lile la majirani, sikuliacha. Majani nayo nilimwambia.

Alisikiliza akiangalia mikono yangu. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Alijua?"

Wifi, ningeweza kumwambia hukujua. Umekufa, nani angebisha? Nikamwambia, "Alijua tangu aliposikia harufu."

Akainuka. Hakulia mbele yangu. Siku mbili hizi amekula na Deo, si nami, na asubuhi anapopita ananisalimu "Shikamoo", basi. Haongezi lile neno lililokuwa likifuata. Naitikia, "Marahaba." Siongezi nami.

Jana nilichukua lile blanketi la kiti cha Deo nikafumua mstari wa njano. Ulikuwa mwembamba kwenye la mbele, vidole viwili tu, na umeng'ara upande wa chini ambao jua halikuufikia. Nyuzi zilikuwa zimekatika mahali ambapo mgongo wa Deo ulizisugua. Niliunganisha kwa mafundo. Limetoka donge dogo, kama yai la kuku. Ndicho pekee kilichobaki cha sweta lako la kipaimara. Sikukipeleka mwenyewe. Nilikiweka kwenye begi lake la shule, juu ya madaftari, mahali ambapo hawezi kukikosa.

Siombi unisamehe. Wewe ulicheka tu, na sijawahi kujua kicheko kile kilikuwa cha nini. Nakuombea ulale pazuri, pasipo mashimo.

Leo asubuhi ameondoka kwenda kuulizia matokeo, begi begani. Nilisimama kizingitini nikamwangalia mpaka kona ya barabara. Donge hajanirudishia. Wala hajasema lolote.

Mimi wifi yako,
uliyeniachia mtoto.